Aliniita Njiani

Binti yangu wa kwanza alipomaliza chuo cha ualimu, majirani walianza kuniita Mama Mwalimu. Nilijifanya sipendi. Lakini nikiwa kisimani nikasikia mtu ananiita hivyo kwa mbali, nilikuwa nageuka upesi kuliko kawaida yangu. Tulikuwa wakulima tu, upande wa juu wa Karatu, pale mashamba yanapoishia na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Tulilima mahindi, maharage na ngano kidogo, tukagombania mavuno na nguruwe pori. Katika ukoo wetu wote hakuna msichana aliyewahi kuajiriwa na serikali kabla yake.

Alipangiwa shule Nainokanoka, kule juu kwa wafugaji, ng'ambo ya Kreta ya Ngorongoro. Likizo ya kwanza alirudi amevaa katambuga za tairi, shingo imeungua kwa jua la mlimani, nguo zake zote zinanuka moshi.

"Kule kuna baridi, kuna nyati, na hakuna gari," nilimwambia. "Nenda ukaombe uhamisho. Wenzako wamepata shule za huku chini."

"Tukihama wote, mama, nani atabaki?"

"Abaki mwingine."

Alicheka. Alikuwa na kicheko kisicho na adabu, cha kurusha kichwa nyuma, ambacho bibi yake, mama wa mume wangu, alikuwa amekikemea tangu mtoto akiwa na meno ya utoto. Nisimfanye malaika. Alikuwa mvivu jikoni, aliunguza maharage kila alipoachiwa chungu. Akikasirika alinuna siku nzima. Alimwibia mdogo wake kitana na kukana mbele yetu sote kikiwa kimechomekwa kwenye nywele zake. Lakini wale watoto wa wafugaji aliwapenda kwa namna ambayo mimi sikuielewa. Ng'ombe walipohamishwa kufuata nyasi, wanafunzi nao walihama, naye aliwafuata kwa miguu boma kwa boma akigombana na baba zao. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anaongea Kimaasai cha kutosha kumtukana mtu na kumwomba radhi.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha na umaskini wake umebaki. Dukani hapakuwa na sabuni, hapakuwa na sukari, hapakuwa na kitambaa. Mafuta ya gari yalikuwa adimu nchi nzima, na Jumapili mchana magari yalikatazwa kutembea. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, kwa hiyo hata yale magari ya watalii tuliyozoea kuyaona yakitimua vumbi jekundu kuelekea Kreta yalikuwa machache. Barabara ilikaa kimya. Sikuwahi kufikiri kimya kile kinanihusu.

Jumapili ninayotaka kuisimulia ilikuwa katikati ya masika, lakini mvua ilikatika asubuhi na jua likatoka. Tulikwenda kanisani. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, alikaa mbele. Mimi niliimba na kina mama wenzangu, nikarudi nyumbani, nikapika wali kwa kuwa siku hiyo mchele ulikuwapo. Nilikuwa na furaha. Nimeichunguza siku ile mara nyingi nikitafuta dalili: moyo kushtuka, kikombe kuponyoka mkononi, mbwa kulia bila sababu. Hakuna. Watu hupenda kusema kwamba mama huhisi. Mimi sikuhisi kitu. Nilikula, nikashiba, nikalala usingizi wa mchana.

Kesho yake asubuhi, nikiwa nakamua, lori lililokuwa limepeleka unga kwenye maduka ya juu liliingia kwenye njia yetu. Lori haliingii kwenye njia ile, haina upana. Lilivunja ua wa minyaa na kusimama. Nyuma alikuwa ameketi mzee mmoja wa Kimaasai, na mbele yake kitu kimefunikwa shuka nyekundu. Alishuka polepole, kama mtu aliyekufa ganzi miguu. Nilimfahamu kwa kusimuliwa. Watoto wake wawili walisoma kwa binti yangu, na ndiye aliyekuwa akimletea maziwa.

Hakusema pole. Alisema, "Yeyo, tumekuletea mtoto." Yeyo kwao ni mama.

Nikamjibu, "Asante, karibuni," nikageuka kutafuta mahali pa kuweka kibuyu cha maziwa kisimwagike. Nakumbuka nilihangaika sana na kile kibuyu. Mume wangu ndiye aliyefunua shuka.

Mambo yalivyokwenda tuliyapata kwa yule mzee. Maumivu ya tumbo yalimshika Ijumaa darasani. Akavumilia. Jumamosi akawa hawezi kunyooka, na mganga wa zahanati akasema huyu apelekwe hospitali, hapa sina cha kumfanyia. Gari halikupatikana. Jumapili alfajiri wanaume wakamtengenezea machela ya fito na ngozi ya ng'ombe, wakambeba kwenye ukungu na matope kuelekea barabara ya ukingo wa Kreta, wakipokezana, wakitumaini kwamba barabarani hapatakosa gari. Alifariki kabla hawajafika, mahali ambapo barabara ilikuwa imeanza kuonekana. Wao wakamfikisha hivyo hivyo, wakakoka moto, wakakaa naye mpaka lori lilipopita. Miaka mingi baadaye mganga mmoja aliposikia maelezo alisema huenda kilikuwa kidole tumbo, kitu ambacho hospitali hukiondoa na mtu akarudi kazini. Sijui kwa nini aliona lazima aniambie.

Mwalimu wangu alikuwa na miaka ishirini na minne.

Kanisa lilitusimamia kwa kila kitu. Sanda haikuwepo, maana kitambaa cheupe hakikuwepo Karatu nzima. Basi kina mama wa kwaya wakavua vitambaa vyao vyeupe vya kichwani, wakaketi uani kwetu, wakavishona kimoja kwa kimoja hadi vikatosha kumzungushia. Mbao nazo hazikuwepo. Mafundi wakang'oa mabenchi mawili ya nyuma ya kanisa na kuyageuza jeneza, na kwa muda mrefu baadaye waliochelewa ibada walikaa sakafuni, kwenye lile pengo, nami nililiona kila Jumapili. Kwa hiyo siwezi kusema neno baya juu ya kanisa. Malalamiko yangu yalikuwa juu ya mwenye kanisa.

Mama mkwe wangu ndiye aliyezua mjadala. Yeye alibatizwa uzeeni, kwa kutupendezesha, na mengi ya zamani alibaki nayo. Kwetu sisi Wairaqw, ambao wengi hutuita Wambulu, zamani nyumba ikipata kifo cha namna hii ilitengwa. Tuliita metimani. Hamgawani moto na majirani, hamchoti maji mahali pamoja nao, hampiti njia zao, hamli nao, hadi miezi iliyowekwa iishe na nyumba itakaswe. Mama mkwe alisimama mlangoni siku ya mazishi akamwambia mwanawe mbele ya watu:

"Funga nyumba yako. Mtoto wa kwanza amekufia porini, na wewe unaita watu waje wale?"

"Mama, sisi ni Wakristo. Hatuogopi kifo tena."

"Sisemi uogope. Nasema ufunge."

Mchungaji akaingilia kwa upole, akasema desturi ile ilikuwa ya watu wasiojua kwamba kifo kimeshindwa. Bibi akamtazama, akamtazama na yule aliyelala kwenye jeneza la mabenchi, akaenda zake nyuma ya nyumba. Hakurudi mpaka kaburi lilipofukiwa.

Mimi wakati huo sikuwa upande wowote. Watu waliimba, mdomo wangu haukufunguka.

Yule mzee wa Kimaasai alikaa hadi mwisho, amesimama mbali kidogo na kaburi, fimbo begani. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba watu wale hawashiki maiti hivi hivi, na kwamba alichofanya pale nyuma ya lori kilikuwa kizito kwake kuliko tunavyojua. Alipotaka kuondoka nilimfuata hadi kwenye ghala.

"Baba," nilimwambia, "ulikuwa naye. Alisema nini?"

Aligeuza uso pembeni. Kwao marehemu hatajwi ovyo. Nilimshika mkono, jambo ambalo si adabu.

"Nakuomba. Mimi ni mama yake."

"Alikuwa anasikia maumivu," alisema. "Njia yote alilia neno moja tu. Aayo, aayo. Sisi tulijua ni kilio cha maumivu. Kwenu ndivyo watu wanavyolia?"

Neno lile sikulitambua mara moja. Binti yangu aliongea Kiswahili darasani na Kimaasai bomani, hata nyumbani aliniita "mama" kama wasomi wote. "Aayo" aliniita akiwa mdogo sana, kabla ya shule.

"Si kilio," nilisema. "Kwa Kiiraqw ni mama."

Yule mzee akaondoa mkono wangu taratibu, akafunika uso wake kwa shuka.

Baada ya hapo walianza kuja wafariji. Walikuja kila siku, na nasema tena walikuwa watu wema. Walibeba kuni, walibeba unga, walinilimia palizi. Na kila mmoja alileta neno. Mungu ana makusudi yake. Mungu amempenda kuliko wewe. Mama mmoja, rafiki yangu tangu ujana, akaniambia, "Shukuru, amekwenda kupumzika."

"Hakuwa amechoka," nilimjibu.

Akaendelea kuchambua maharage. Hatukuwa tena marafiki kama zamani, na kosa halikuwa lake.

Ajabu ni kwamba maneno yale yale yalimsaidia mume wangu. Sitanii na wala simdharau. Alikuwa ameanguka vibaya siku lori lilipokuja, walimwinua kutoka chini. Lakini kila alfajiri alitoka, akapiga magoti kati ya mahindi, na baada ya majuma kadhaa nikaona uso wake umetulia. Alianza kula. Alianza kumtaja binti yetu bila sauti kukatika, kama mtu aliyesafiri na amefika salama. Nilimchukia kwa hilo.

"Nani amekupa ruhusa ya kupona?" nilimwuliza siku moja tukipukuchua mahindi.

Hakukasirika. "Sikupona. Nimepewa mahali pa kumweka."

"Mimi mbona sijapewa?"

"Mwombe."

"Nimwombe nini? Mtoto aliomba njia nzima, tena aliniita mimi, hakumwita Mungu. Mimi sikusikia kwa sababu nilikuwa nimelala. Mungu halali. Alikuwa anasikia. Alifanya nini?"

Mume wangu aliendelea kupukuchua. Punje zilimponyoka zikamwagika chini, akaziokota moja moja, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa naye."

"Basi ndiyo mbaya zaidi," nilisema.

Alimwomba mchungaji aje kuongea nami. Mchungaji alikuja kwa baiskeli, suruali imejaa tope, mtu mwembamba ambaye naye alikuwa amezika watoto wachanga wawili, kwa hiyo sikuweza kumwambia hajui. Aliketi, akanisomea habari za ufufuo, akaniambia tutaonana tena na wapendwa wetu.

"Atanijua?" niliuliza.

"Atakujua, mama. Tutajuana."

"Ataniuliza kwa nini sikuja?"

Alifungua mdomo. Nikaona anatafuta, kwa bidii kabisa, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. "Huko hakuna maswali ya namna hiyo," alisema mwishowe. "Machozi yote yatakuwa yamefutwa."

"Kama hana swali lile, basi siye yeye. Mtoto wangu nilimzaa ana maswali."

Akanywa chai yake, ambayo haikuwa na sukari, akaomba, akapanda baiskeli. Nadhani aliomba vizuri. Sikusikiliza.

Ilikuwa tangu hapo nilipoanza kuhamia upande wa mama mkwe. Sikufanya kwa kutangaza. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya nyumba yetu, na polepole nikaacha kukaa mbele wanakopokelewa wageni, nikawa nakaa kwake. Sikwenda kisimani saa wanazokwenda wengine. Jirani alipokuja kuomba kaa la moto asubuhi, kama tulivyozoea kuombana miaka yote, nilimwambia moto wangu hautoki. Alinielewa mara moja. Alirudi nyuma hatua, akaondoka bila kunipa mgongo, kama walivyofanya watu wa zamani. Jioni habari zilikuwa zimeenea kwamba mke wa mzee wa kanisa amerudia mambo ya kale.

Walimwita mume wangu kwenye baraza la wazee wa kanisa. Alirudi ameinamisha kichwa.

"Wanasema niwaeleze unaabudu nini."

"Waambie siabudu chochote. Nimefunga nyumba."

Kwa bibi nilipata kitu ambacho sikukipata kwa wengine: hakunifundisha. Tulikaa na moto wetu. Alikuwa amepoteza watoto watano katika maisha yake, wengine wachanga, mmoja kijana mzima aliyepondwa na mti. Nilimwuliza walifarijiwa vipi enzi hizo.

"Hatukufarijiwa," alisema. "Tuliachwa. Watu walijua una kitu kibaya mwilini, wakakaa mbali mpaka kitoke. Hakuna aliyetuambia tufurahi."

"Na kilitoka?"

"Miezi ikiisha mnatakaswa, mnanyolewa nywele, mnatoka. Ukishatoka, umetoka. Unasalimia watu."

"Ndani je, mama?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza swali la kitoto. "Ndani nani anauliza?"

Nilisubiri ile miezi iishe. Iliisha. Bibi alinimwagia maji na kunipaka mafuta yeye mwenyewe, maana hapakuwa tena na wazee wanaojua kazi ile vizuri, kisha akaniambia nitoke nikasalimie. Nilitoka. Jua lilikuwa kali, majirani walikuwa wanavuna maharage. Niliwasalimia, wakaitika, mmoja akanijia na kunikumbatia huku akilia. Nami nilisimama pale katikati ya shamba nikagundua kwamba kile kitu kibaya nilichotoka nacho ni kile kile nilichoingia nacho. Kanisa lilikuwa limenipa dawa yake na wazee wetu wamenipa yao. Wote walikuwa wamefanya kwa moyo mmoja, na hakuna lililoshika.

Kiangazi kile nilimwambia mume wangu nataka kwenda Nainokanoka. Alitaka kunisindikiza, nikakataa. Nilipanda lori hadi ukingoni, nikashuka, nikaungana na wanawake waliokuwa wanarudi kwao na punda wa mahindi. Tulitembea kwenye nyanda zile za juu, nyasi zimekauka rangi ya simba, upepo unakata masikio, na nilipoona umbali wenyewe kwa miguu yangu, na vilima, na makorongo, nikaelewa kwa mara ya kwanza walichofanya wale wanaume waliombeba. Yule mzee alinipokea kwake. Mkewe alinilaza kwenye kitanda chake, yeye akalala chini na watoto. Asubuhi alinipa maziwa kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi, ile harufu ya nguo za binti yangu, nikakiweka puani nikasahau kunywa, hadi akanishikia.

Shuleni kulikuwa na mwalimu mpya, kijana mpole. Wanafunzi walisimama, wakaniimbia. Msichana mmoja alinikaribia akasema kwa Kiswahili safi kabisa, chenye lafudhi yetu ya Karatu ambayo asingeweza kuipata kwingine, "Shikamoo, mama wa mwalimu." Nilimwekea mkono kichwani. Nilitakiwa kuona fahari. Watu niliowasimulia baadaye waliniambia hapo ndipo Mungu aliponionyesha kwamba kazi yake haikupotea. Labda. Mimi nilichowaza ni kwamba yule mtoto ameichukua sauti ya mwanangu na hajui amebeba nini.

Nilimwomba mzee anipeleke pale. Hakutaka. Alisema hakuna kitu pale, ni majani tu, na mahali kama pale hapatembelewi. Nilimwambia sitaondoka kwake mpaka anipeleke, nitazeekea kwenye boma lake. Akavaa shuka yake, akachukua fimbo, tukaenda.

Alikuwa amesema kweli. Palikuwa ni majani tu, kwenye mteremko mdogo, na kwa mbele barabara ilionekana kama uzi mwekundu. Ilikuwa karibu sana. Mtu mwenye sauti angeweza kupaza na kusikika barabarani. Ng'ombe wa watu walikuwa wanalisha pale pale, mmoja amesimama juu ya mahali alipoonyesha mzee, nami nikalazimika kusubiri ang'oke.

Mzee alikwenda kusimama mbali, amenipa mgongo.

Nilipiga magoti. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Karatu, kumwambia Mungu na kumwambia binti yangu, na yote yalinitoka. Nikasema tu, kwa Kiiraqw, kwa sauti, "Abe. Nimekuja. Abe, mwanangu."

Nilisema hivyo mara nyingi. Nilikuwa namwitikia, miezi mingi baadaye, mtu aliyeniita na kuacha kuita. Upepo ulipita. Ng'ombe yule alirudi, akaninusa begani, akaendelea kula. Kama kulikuwa na Mungu pale siku ile ya Jumapili, kama mume wangu alivyoamini, basi hakuacha alama yoyote, hata majani hayakulala vizuri zaidi. Nilikaa mpaka ukungu ukaanza kupanda kutoka Kreta na mzee akaja kuniambia, "Yeyo, twende. Nyati wanatoka." Nikamfuata. Sikutaka kupigwa pembe na sikutaka kuishi. Nilimfuata kwa sababu aliniita.

Nilirudi nyumbani, nikarudi kanisani. Watu walifurahi, wakadhani safari imenitengeneza. Ukweli ni kwamba nilikuwa na watoto wengine watatu wanaotaka kula, na kukaa nje ya watu kunachosha. Mchungaji alinipa mkono, nikashiriki Meza ya Bwana, nikameza. Kusali nilisali, lakini ilikuwa kama kumsalimia mkubwa uliyegombana naye mkiwa mnaishi kijiji kimoja. Bibi alifariki baada ya mavuno mawili, kwa uzee, akiwa amekataa chakula kwa utulivu kabisa. Yeye nilimlilia vizuri. Nilishangaa kuona bado naweza.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini mume wangu aliugua kifua. Tulimpeleka hospitali, wakamrudisha. Magari yalikuwa yameanza kuwa mengi tena, na alipolala uani mchana, kwenye jua, tulisikia watalii wakipanda kwenda Ngorongoro. Alikonda akabaki macho. Lakini ule utulivu aliopewa kati ya mahindi haukumwacha hata siku moja. Aliimba kila alipopata pumzi.

Alasiri moja nilikuwa namkanda miguu. Akasema, "Nitamwona kabla yako."

Nilitazama chini. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejizuia kubishana naye juu ya hilo, na sasa sikuwa na ubishi tena. Nilimwona tu mtu anayejiandaa kusafiri, ambaye hana shaka hata kidogo na anakokwenda.

"Ukimwona," nilisema, "nina ujumbe."

"Sema, mama."

"Mwambie sikusikia. Asifikiri nilisikia nikakaa. Mwambie kama ningesikia ningekuja kwa miguu."

"Nitamwambia."

"Usisahau."

"Nitamwambia kabla ya salamu," alisema, na akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

Siwezi kusema niliamini. Ila siku zile chache alizobaki nilimtunza kwa uangalifu wa ajabu, nikimpa uji kijiko kwa kijiko, nikimfunika baridi isimpate, kwa sababu alikuwa amebeba neno langu na sikuwa na mtu mwingine wa kumtuma.

Tulimzika kando ya binti yake. Safari hii vitambaa vilikuwepo dukani na mbao zilikuwepo. Watu waliimba sana, maana alikuwa mtu wa kuimbiwa, na mchungaji, ambaye nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, hakunijia na maneno. Aliketi tu karibu nami. Wageni walipoondoka niliwasha moto, nikapika, nikawapa watoto, nikaosha vyombo. Jirani alikuja asubuhi kuomba kaa la moto. Nilimpa.